Msaada: kisarafu chembamba chenye mkono, kimetoka Ukerewe. Ni hirizi au hela?

Sonara_Makoroboi

Mwangaluka wakuu. Mimi ni sonara, nina meza yangu Makoroboi, Mwanza, mwaka wa kumi na nne sasa. Nayeyusha, naunga, nachora majina kwenye pete za watu. Leo nimekwama kwenye kitu nisichokijua, na mimi nina mwiko mmoja tu kwenye kazi hii: sitii kwenye kalibu kitu nisichokijua.

Jumanne alikuja bibi mmoja kutoka Nansio, ameshuka melini na kikapu cha machungwa, akafungua kitambaa mezani kwangu. Ndani mlikuwa na bangili mbili za fedha zilizokatika, rupia moja ya Mjerumani ya 1890 iliyotobolewa tundu la uzi, na hiki kidude. Anataka pete ya mjukuu wake anayeolewa. Akaniambia, "Vyote ni fedha baba, changanya tu." Bangili nimezijaribu kwa asidi, ziko safi. Rupia wala sikujisumbua kuijaribu, nimezishika nyingi. Kidude ndicho kilichonisimamisha.

Nawaelezea kwa sababu picha ya simu yangu haionyeshi kitu. Ni cha duara, ila duara la mtu aliyekata kwa mkasi akiwa na haraka. Chembamba na chepesi kama gamba la sangara, ukikibana kwa vidole viwili unahisi kabisa kinataka kupinda. Mizani imesema gramu 0.48. Rula imesema milimita 17, yaani ni kidogo kuliko shilingi 50. Upande mmoja kuna mkono, kiganja wazi, vidole vinne vimesimama pamoja na gumba limejitenga. Upande wa pili kuna msalaba, na kila ncha ya msalaba imegawanyika kama panda ya manati. Hakina herufi wala mwaka. Nilikikwaruza kidogo ukingoni (wenye uchungu na mambo ya kale mnisamehe), nikaona wekundu chini. Kwa hiyo ni fedha iliyotiwa shaba nyingi.

Bibi anasema baba mkwe wake alikuwa mpishi wa padri mmoja Mzungu zamani za Mjerumani, na padri ndiye aliyempa. Pale nyumbani walikuwa wanawafunga watoto shingoni kuzuia kijicho. Jirani yangu anayeuza kofia amekitazama akasema bila kusita, "Huo mkono wa Fatma," yaani hirizi ya Kiislamu. Sawa, lakini mkono wa Fatma wenye msalaba mgongoni? Hapo ndipo ninapopotea. Bibi anarudi Jumamosi. Nipeni mwanga.

Tajiri_Mtarajiwa

Mkuu usiyeyushe hiyo rupia!!! Rupia za 1890 zina zebaki nyekundu ndani, kuna jamaa wananunua kwa mamilioni. Njoo chemba tuongee.

Mnyama_Kirumba

Huo mkono ni wa refa, anasimamisha mechi Wananchi wasiendelee kufungwa. Uzi ufungwe.

Sonara_Makoroboi

@Tajiri_Mtarajiwa ndugu yangu, rupia ile ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu elfu za uzito wake 917 ni fedha, zilizobaki ni shaba. Nimeziyeyusha mwenyewe enzi nikiwa mwanafunzi wa kazi, kabla sijajua kuwa ni dhambi. Ingekuwa na zebaki, mimi ningekuwa makaburini na mvuke wake, nisingekuwa hapa kukujibu.

@Mnyama_Kirumba utani weka pembeni, bibi anarudi Jumamosi.

Mstaafu_wa_Bwiru

Kijana wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuwasha moto. Mimi ni mzee wa miaka sitini na kitu, mhandisi mstaafu. Mwaka 1981 nilipelekwa kusoma Ujerumani Mashariki, mji wa Magdeburg, na kule baridi ilinifundisha kukaa ndani ya majumba ya makumbusho, maana yalikuwa na joto na kiingilio kilikuwa senti chache. Ndivyo nilivyozijua sarafu. Wenzangu walirudi na redio, mimi nikarudi na kichwa kimejaa pfennig, yaani visarafu vya Kijerumani.

Maelezo yako yamenitosha hata bila picha. Mkono upande mmoja, msalaba wenye ncha za panda upande wa pili, fedha dhaifu, nusu gramu: hiyo ni heller. Ilianza kufuliwa mwishoni mwa karne ya 12 katika mji wa chumvi uitwao Hall, kusini mwa Ujerumani, ambako wafalme wa ukoo wa Staufer walikuwa na karakana ya sarafu. Leo mji huo unaitwa Schwäbisch Hall. Usiuchanganye na Halle wa upande wa Saksonia, ambao nao ni mji wa chumvi. Mimi mwenyewe nilichanganya miaka miwili mizima nikiwaambia watu heller ni ya Halle, mpaka mama mmoja muuza vitabu akanisahihisha kwa ukali wa kutosha. Pfennig ya Hall iliitwa Haller, ikawa Heller. Jina la mji likageuka jina la pesa.

Sasa litamke taratibu. Heller. Hela.

Ndiyo, mwanangu. Neno unalolitamka mara hamsini kwa siku pale Makoroboi lina asili ya hicho kigamba ulichokishika.

Nieleze na mazingira yake kidogo. Kabla yake, tangu mageuzi ya Karl Mkuu, mfalme wa Wafranki, mwishoni mwa karne ya 8, pauni moja ya fedha ilihesabiwa kuwa denari 240, na denari ndiyo Wajerumani wakaiita pfennig. Kwa karne nyingi karibu hapakuwa na sarafu nyingine ya kushika mkononi; shilingi ilikuwa ni hesabu tu, 12 za pfennig, huwezi kuiona wala kuiangusha chini. Ukitaka kitu cha chini ya pfennig, unaikata pfennig yenyewe katikati kwa mkasi. Chenji ilikuwa ni nusu duara.

Heller ilipoingia, ilikuwa na fedha pungufu kuliko pfennig za majirani. Unajua kinachotokea watu wakiwa na sarafu mbili, moja nzito na moja nyepesi, na sokoni zote zinapokelewa: nzito inalala chini ya godoro, nyepesi ndiyo inayotembea. Heller ikaenea Ujerumani ya kusini yote, miji mingine ikaiga mkono na msalaba ule ule, na kadiri miaka ilivyokwenda shaba ikazidi. Mpaka leo Mjerumani akitaka kusema kitu hakina thamani, anasema hakifai hata heller nyekundu. Ule wekundu uliouona ukingoni, ndio huo.

Za mwanzo zilikuwa na herufi pembeni, jina la HALLE likisomeka, ndivyo walivyouandika Hall wakati ule. Baadaye herufi zikaachwa. Yako haina, basi si ya mwanzo. Na nikutoe tamaa mapema: zipo nyingi sana duniani, bei yake haitakununulia tiketi ya ndege hata ya kufika Dar.

Sonara_Makoroboi

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nimemsomea jirani wa kofia kwa sauti. Amekubali kushindwa nusu, anasema msalaba ni wa Hall lakini mkono bado ni wa Fatma.

Nina swali la kifundi. Mtu anapochonga muhuri hachongi kitu ovyo, chuma ni kigumu na mkono unauma. Kwa nini mkono? Ulikuwa nembo ya mfalme? Ya ukoo? Na hao wengine walikuwa wanachonga nini?

Mstaafu_wa_Bwiru

Marahaba. Hapo umegusa penyewe.

Kuhusu mkono, wenyewe Wajerumani wamebishana. Kuna wanaosema ni mkono wa Mungu, kuna wanaosema ni mkono wa kuume wa mfalme, alama kwamba soko liko chini ya ulinzi wake na haki inatendeka. Mimi napenda hilo la pili, kwa sababu sarafu na soko ni ndugu. Lakini haikuwa nembo ya ukoo wowote. Kilichonifurahisha ni kilichofuata: mji wa Hall ulipokuja kuwa na ngao yake, ukaweka juu yake msalaba na mkono. Yaani pande mbili za heller! Watu wamezoea kufikiri nembo hushuka kutoka kwenye ngao ya bwana mkubwa ikatua kwenye sarafu. Hall mambo yalikwenda kinyume, kisarafu cha watu wa sokoni ndicho kilichoupa mji sura yake.

Ukumbuke ngao zenye nembo za kurithi zilikuwa jambo jipya. Zimezaliwa katika karne ya 12 hiyo hiyo, wapiganaji walipoanza kufunika uso kwa chuma na mtu akawa hajui nani ni nani uwanjani. Kwa hiyo kwenye fedha za wakati ule unaweza kuona nembo zikizaliwa mbele ya macho yako. Na mahali pa kuziona vizuri si heller, ni zile zinazoitwa brakteati.

Wewe ni sonara, utanielewa kuliko wote hapa. Brakteati ni pfennig iliyofuliwa upande mmoja tu, kwenye bati la fedha jembamba kuliko hata hilo ulilonalo. Jina limetokana na neno la Kilatini la bati jembamba. Wenyewe waliokuwa wanazitumia walisema pfennig tu. Unaweka bati juu ya ngozi au madini ya risasi, unashika muhuri juu, unapiga nyundo. Picha inainuka mbele, nyuma inabaki shimo lenye umbo lile lile. Zilifuliwa Saksonia, Thuringia, kandokando ya milima ya Harz, na kusini kandokando ya ziwa Bodensee, tangu karibu 1130 na kuendelea. Nyingine zilikuwa pana hadi sentimita 4 na zaidi, na bado hazifiki gramu moja! Walizibeba kwenye vikopo vya duara zisivunjike. Nilipoiona ya kwanza chini ya kioo, nilidhani ni kifuniko cha kitu.

Na kwa nini picha ni nyingi hivyo, mamia kwa mamia? Usidhani ni mapenzi ya sanaa. Ni kodi. Askofu mkuu Wichmann wa Magdeburg, aliyeshika kiti 1152 hadi 1192, alikuwa anazifuta pfennig zake mara mbili kwa mwaka. Unapeleka 12 za zamani, unarudishiwa 9 mpya. Robo imebaki kwake. Sasa ili askari wa sokoni amkamate anayetumia za zamani, lazima mpya iwe na picha tofauti, inayoonekana kwa jicho la mtu asiyejua kusoma. Ndiyo maana mchonga mihuri hakupumzika. Sisi mwanzoni mwa 2025 Benki Kuu ilipokusanya noti za zamani watu walinung'unika kupanga foleni, na walikuwa wanapewa noti kwa noti. Je, wangerudishiwa elfu saba na mia tano kwa elfu kumi? Miji mingi katika karne ya 14 ilichanga fedha ikainunua haki ya kuondokana na mchezo huo, wakapata walichokiita pfennig ya milele, isiyofutwa.

Mnyama_Kirumba usikimbie, hii ni yako. Mtawala Heinrich wa Saksonia aliitwa Simba. Mwaka 1166 hivi alisimamisha simba wa shaba nyeusi mbele ya ngome yake Braunschweig, na simba huyo huyo anatembea kwenye brakteati zake, mkia umeinuka, minara ya mji nyuma yake. Hakuna haja ya kusoma jina. Mwaka 1180 mfalme Friedrich Barbarossa akamnyang'anya utawala wa Saksonia, lakini watoto na wajukuu wakabaki na Braunschweig na wakaendelea kufua simba. Lililoanza kama jina la mtu mmoja likawa mali ya ukoo, kisha ya mji.

Mnyama_Kirumba

Mzee nimekuvulia kofia. Kwa hiyo Mnyama alikuwa na hela yake tangu karne ya 12. Hii naipeleka kijiweni leo jioni, hawatalala.

Kamongo_Mwiko

Mimi natokea Kamachumu, niko Mwanza kikazi. Kwetu Bukoba kila ukoo una muziro wake, mnyama au kitu ambacho ukoo haukigusi. Mimi muziro wetu ni kamongo, sijawahi kumwonja, na hapa Kirumba nikipita wanakomuuza navuka barabara. Sasa simba wa huyo Heinrich si ni muziro tu huo? Wazungu nao walikuwa na koo na wanyama wao, ila wenyewe walipata bahati ya kufua fedha.

Mstaafu_wa_Bwiru

Umefikiri vizuri ndugu, nami niliwahi kufikiri hivyo. Lakini kuna tofauti moja. Wewe kamongo unamheshimu, humli. Mtawala wa Falkenstein, kule Harz, aliweka kozi kwenye fedha yake, na kozi huyo huyo alimtumia kuwindia. Hakumwogopa wala hakuwa na mwiko naye. Kozi kwa Kijerumani ni Falke, Stein ni jiwe. Alikuwa anaandika jina lake kwa picha.

Wajerumani walipenda sana mchezo huu. Henne ni kuku jike na Berg ni mlima, kwa hiyo watawala wa Henneberg ngao yao ni kuku amesimama juu ya kilima, na hawakuona haya yoyote kumfua kwenye fedha. Mji wa Lindau ulio ndani ya ziwa Bodensee ukafua brakteati zenye mti uitwao Linde. Mtu hajui herufi hata moja, anatazama mti anasema, hii ya Lindau. Ni kama wewe unavyopanda daladala, unatazama rangi ya mstari, huhangaiki na maandishi.

Na rangi zilikuwa tatizo lao hasa. Kwenye ngao ya mbao simba mwekundu na simba mweusi ni maadui wawili. Kwenye fedha wote ni weupe! Mistari midogo ya kuonyesha rangi ilikuja kubuniwa karne ya 17, wakati huo haikuwepo. Kwa hiyo umbo ndilo likabeba mzigo. Simba wa Bohemia, nchi ambayo leo ni Cheki, akapewa mkia wenye panda mbili; mtazame kwenye groschen ya Praha iliyoanza kufuliwa mwaka 1300 kwa fedha ya Kutná Hora, hutamchanganya na mwingine. Tai wa Lübeck ana vichwa viwili. Lübeck, Hamburg, Wismar na Lüneburg walipoungana kwa mkataba wa 1379 ili sarafu zao ziwe na thamani sawa, mfanyabiashara aliweza kupokea ya mji wowote, lakini bado alijua imetoka wapi: tai, lango la ngome, kichwa cha fahali, simba.

Kuna moja zaidi na hii ni ya moyoni mwangu. Kanisa kuu la Magdeburg ni la Mtakatifu Moritz, ndiye msimamizi wao tangu mfalme Otto alipoweka monasteri yake hapo mwaka 937. Habari zake zinasema alikuwa kamanda wa jeshi lililotoka Thebe, Misri ya juu. Kwenye pfennig za Magdeburg amesimama na bendera na ngao, mwanajeshi kama wanajeshi wengine, huwezi kujua ni mtu wa wapi. Lakini nenda ndani ya kanisa. Pale pana sanamu yake ya jiwe ya karibu mwaka 1240 hadi 1250, amevaa vazi la pete za chuma hadi kichwani, miguu imevunjika, na uso ni wa Mwafrika. Pua, midomo, macho, kila kitu. Mimi nimeingia pale Novemba 1981, nina koti la kuazima, mji mzima sijaona mtu wa rangi yangu kwa siku nne, naye ananitazama. Nikavua kofia. Mlinzi wa kanisa, mama mzee, akaniletea kiti.

Basi kila niliponunua mkate nilikuwa nikifikiri kwamba mji huu kwa mamia ya miaka ulinunua mikate yake kwa fedha yenye jina la yule bwana.

Kamongo_Mwiko

Hapo kwenye kiti nimenyamaza kidogo.

Sisi Mwanza tungefua fedha yetu tungeweka nini? Maana mawe yenyewe yamejaa. Jiwe la Bismarck lingefaa kwa umbo, ila jina linaharibu.

Mnyama_Kirumba

Sangara. Hakuna mjadala.

Mwalimu_Mkosoaji

Nimewafuatilia kimya. Mstaafu anaeleza vizuri, lakini tusivutwe sana. "Hela" haikuja Tanganyika kwa mkono wa Hall. Ilikuja 1904, serikali ya kikoloni ilipobadili hesabu ya rupia. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, kwa mtindo wa Kihindi, na "pesa" nalo ni neno la huko. Kuanzia 1904 rupia ikawa heller 100. Heller moja ile ni ya shaba nyeusi, ina taji na maandishi ya Deutsch Ostafrika. Hakuna mkono wala msalaba. Babu zetu walijifunza neno kutoka kwenye kile cha shaba na si kwenye kigamba cha fedha.

Mstaafu_wa_Bwiru

Mwalimu, uko sahihi na nakushukuru, niliruka daraja moja. Ila angalia ajabu iliyopo hapo katikati. Mwaka 1904 nyumbani kwao Ujerumani heller ilikuwa imeshakufa. Tangu walipoungana na kuanzisha mark, chenji yao ilikuwa pfennig peke yake. Jina hili walilifufua kwa ajili yetu. Na baada ya vita wakaondoka na rupia ikaondoka, pfennig yao nayo imekuja kufa mbele ya euro, lakini Makoroboi hapo kuna mtu sasa hivi anamwambia mwenzake "sina hela".

Tukianza na dala hatutalala. Hiyo nayo inakwenda mpaka Joachimsthal, bonde la migodi ya fedha huko Bohemia, walikoanza kufua taler karibu mwaka 1520. Taler, dola, dala, daladala. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Sonara_Makoroboi

Wakuu nimerudi. Leo ni Jumamosi usiku, nimefunga, nawapa mrejesho.

Kwanza jana sikuvumilia. Maneno ya mzee kuhusu bati na ngozi yalinikalia kichwani siku nzima. Nikachukua msumari mnene wa reli, nikausawazisha kichwa kwa tupa, nikachonga samaki kwa nyuma-mbele jinsi tunavyochonga muhuri. Saa mbili na nusu, kidole kimepata malengelenge. Nikachukua vipande vya fedha vilivyobaki kwenye hereni, nikavipiga nyundo na kuvipasha moto, nikavipiga tena, mpaka nikapata bati ambalo ukilipuliza linatetemeka. Nikakata duara kwa mkasi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini duara la kile kidude liko ovyo. Mkasi haupendi bati jembamba, unalivuta.

Pigo la kwanza niliweka juu ya chuma cha kufulia. Bati likapasuka kuanzia jicho la samaki. La pili nikaweka juu ya kipande cha ngozi ya kiatu, soli ya zamani. Nikapiga mara moja, nyundo ya wastani, bila hasira. Wakuu, samaki akainuka! Magamba, pezi, mpaka mkwaruzo wa tupa uliokuwa kwenye msumari nao ukatokea. Nikageuza, nyuma kuna samaki wa shimo. Mizani ikasema gramu 0.61. Jirani wa kofia akaja, akakishika, akakipinda bahati mbaya, akakikunjua akijifanya hajafanya kitu. Niliporudia mara ishirini nikahesabu: mtu mwenye bati tayari na kijana wa kukata anaweza kufua mamia kwa siku moja. Huyo askofu wa robo robo alijua anachofanya.

Pili, bibi amekuja. Nimempa kiti, nimemwagizia chai, nikamweleza yote, Hall, mkono, chumvi, mpaka na yule mtakatifu. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo si dawa?" Nikamwambia hapana bibi, ni hela. Hela yenyewe hasa, ile ya mwanzo mwanzo.

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye khanga. Akasema, "Miaka yote hiyo tumewafunga watoto hela shingoni, ndiyo maana hawakai nayo." Pete nimeitengeneza kwa bangili zile mbili, imetosha, rupia nimemrudishia na tundu lake. Akakiokota kidude mezani, akakinyooshea kwangu.

"Basi kama ni hela, toa pesa yako ya ufundi humu, unipe chenji."

Mkasi ulikuwa pale pale mezani, kando ya mizani. Niliutazama, naye akaona ninautazama, akakirudisha haraka kwenye kitambaa na kukifunga mafundo mawili.